Gari inapochemka: tafuta chanzo kabla ya kuongeza maji

Hapa Bunia shofere wengi wanatembea na bidoni ya maji ndani ya gari. Motere ikichemka wanasimama, wanangoja kidogo, wanaongeza maji, wanaendelea na safari. Imekuwa kitu cha kawaida, hakuna anayeshangaa tena. Lakini maji ya radiatere hayapaswi kupunguka kila siku. Njia yake imefungwa: yanatoka radiatere, yanazunguka ndani ya motere, yanarudi radiatere. Kama yanapunguka, kuna fasi yanatokea. Kama hayapunguki na gari bado inachemka, kuna kitu kinachoyazuia kuzunguka au kupoa. Mtu anayeongeza maji bila kujua ni lipi kati ya hayo mawili, hajatengeneza kitu.

Habari hii ni kwa wale wa Bigo na karitye zingine ambao wana gari ya familia, ya teksi au ya biashara, na ambao hawawezi kukimbilia garaji kila wiki. Kazi nyingi za kutafuta chanzo unaweza kuzifanya wewe mwenyewe ndani ya parseli, asubuhi, motere ikiwa baridi. Zingine ni za fundi, na tutasema ni zipi.

Kwa nini jambo hili ni zito kwetu

Ukitoka Bunia kwenda Kasenyi unapita Bogoro, kisha unateremka mpaka ziwa Albert. Bunia iko karibu mita 1,275 juu ya usawa wa bahari. Ziwa liko karibu mita 620. Kuteremka hakuna taabu kwa motere, taabu ni kurudi. Gari iliyobeba samaki na watu inapanda zaidi ya mita 600 kwa mwendo wa pole pole, na hewa ya mwendo inayopiga radiatere ni kidogo. Hapo ndipo kila ugonjwa uliokuwa umejificha mjini unatokea.

Na kusimama barabarani katika Ituri si sawa na kusimama mbele ya soko. Mei 2021 jimbo letu liliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa, na kwenye barabara kama ile ya Komanda kuelekea Luna kumekuwa na kipindi ambapo magari yalitembea kwa msafara wenye kusindikizwa na jeshi. Gari inayochemka inabaki nyuma ya wenzake. Ndiyo maana afya ya radiatere ni jambo la kuangalia nyumbani mbele ya kushika barabara.

Namna motere inavyopozwa

Esanse au mazuti yanapoungua ndani ya motere, sehemu kubwa ya moto haigeuki nguvu ya kusukuma magurudumu. Inabaki kama joto, na lazima itoke. Maji ndiyo yanayolibeba.

Pompo inasukuma maji kupita ndani ya motere. Maji yenye joto yanapanda kwa duriti ya juu, ule mpira mnene, yanaingia radiatere. Ndani ya radiatere yanapita kwenye vijiti vyembamba, na hewa inayapoza. Kisha yanarudi motere. Gari ikikimbia, hewa inaingia yenyewe kwa mbele. Ikisimama au ikienda pole, vantilatere ndiyo inavuta hewa.

Katikati ya njia kuna mlango mdogo unaoitwa termosta. Motere ikiwa baridi, mlango umefungwa ili motere ipate joto upesi. Termosta nyingi zinaanza kufunguka kwenye digrii 76 mpaka 88, na kwa Toyota nyingi ni 82. Namba hiyo mara nyingi imeandikwa juu ya termosta yenyewe.

Kitu cha mwisho ni kifuniko cha radiatere, kile mafundi wanaita bushoni. Wengi wanakiona kama kifuniko cha chupa tu. Kumbe ndicho kinacholinda gari yetu zaidi kuliko gari ya watu wa Mombasa au Matadi.

Kwa nini maji yanachemka upesi katika Bunia

Kandokando ya bahari maji yanachemka kwenye digrii 100. Ukipanda juu, uzito wa hewa unapunguka na maji yanachemka mapema, karibu digrii moja kwa kila mita 300. Kwenye urefu wa Bunia, maji ya wazi ndani ya sufuria yanachemka karibu digrii 96.

Motere yenye afya inafanya kazi kati ya digrii 80 na 100. Kwa hiyo, kama maji ya radiatere yangekuwa wazi kama ya sufuria, yangechemka wakati motere haina ugonjwa wowote. Kifuniko ndicho kinazuia. Kina sipringi na mpira ambavyo vinafunga mvuke ndani, na maji yaliyofungwa kwa nguvu yanakawia kuchemka. Angalia juu ya kifuniko, utaona namba kama 0.9 au 1.1. Kifuniko cha 0.9 kikiwa kizima, maji safi ya Bunia yanafika karibu digrii 116 mbele ya kuchemka. Ni digrii 20 za ziada, kwa kitu kidogo ambacho bei yake haiwezi kulinganishwa na ya motere.

Sasa fikiri mtu aliyepoteza kifuniko chake na kuweka kile cha gari ingine, au aliyekifunga na kipande cha sasheti. Digrii zile 20 zote zimekwenda. Mjini hataona kitu. Kwenye kilima cha Bogoro atakiona.

Alama za kwanza

Usingoje moshi. Gari inatoa habari mapema:

– Mshale wa joto kwenye tablo unapita fasi yake ya kila siku. Kwa gari nyingi unakaa karibu na katikati au chini kidogo. Jua fasi ya gari yako.

– Gari ndogo kama Vitz nyingi hazina mshale. Zina taa ya buluu wakati wa baridi na taa nyekundu wakati wa hatari. Taa nyekundu ikiwaka, umekwisha kuchelewa kidogo, simama.

– Harufu tamu kama ya sukari iliyoungua. Hiyo ni dawa ya radiatere inayovuja juu ya chuma cha moto.

– Gari inakosa nguvu, au motere inagonga kama misumari wakati wa kupanda.

– Kiasi cha maji ndani ya chupa ya pembeni ya radiatere kinashuka kila wiki.

Hatari moja: kama maji yamekwisha kabisa, mshale unaweza kushuka badala ya kupanda. Kile kifaa kinachopima kinapaswa kukaa ndani ya maji. Kikibaki ndani ya hewa kinaweza kusema uongo. Mshale ukipanda sana na ghafla ukarudi baridi, usifurahi. Simama uangalie.

Ikichemka ukiwa barabarani

Fanya mambo haya kwa mpango huu:

1. Zima klima kama inawaka. Fungua vioo, washa joto la ndani ya gari mpaka mwisho. Utatoka jasho, lakini kile kifaa cha joto ni radiatere ndogo, kinatoa sehemu ya moto ndani ya motere.

2. Tafuta fasi salama ya kusimama, usiongeze mwendo. Kila dakika motere inapotembea ikiwa inachemka, kilasi inaweza kujikunja. Lakini kama uko fasi ya hatari, sogea mpaka penye watu hata kama motere itaharibika. Motere inanunuliwa tena, uhai hapana.

3. Zima motere. Fungua kapo ili moto utoke, lakini kama unaona mvuke mwingi ngoja kwanza upungue.

4. Usiguse kifuniko cha radiatere. Hii ndiyo sababu ya watu wengi kuungua uso na mikono. Maji yaliyofungwa ndani yamepita digrii 100. Ukifungua tu, yanageuka mvuke mara moja na yanaruka. Ngoja dakika 30 mpaka 45. Bana duriti ya juu kwa kitambaa: kama bado ni ngumu kama mpira wa baiskeli uliojaa, nguvu ingali ndani.

5. Ikipoa, weka kitambaa kinene juu ya kifuniko, geuza uso wako pembeni, zungusha robo tu. Acha ipumue. Ikinyamaza, ndipo uifungue.

6. Ongeza maji pole pole. Maji baridi ya mtoni yakimwagwa ndani ya motere ya moto yanaweza kupasua kilasi au bloki. Na usimwage maji juu ya motere kutoka nje, ni hatari ile ile.

Chunga mikono na nguo na vantilatere. Kwenye gari nyingi ndogo inatumia umeme na inaweza kuanza yenyewe hata motere ikiwa imezimwa.

Kutafuta chanzo nyumbani

Fanya asubuhi, gari ikiwa imelala usiku mzima. Unahitaji tochi, kitambaa, kipande cha kartoni na maji safi. Anza na vitu vyepesi, usianze na kile cha bei kali.

Kwanza, kartoni. Jioni weka kartoni safi chini ya motere. Asubuhi angalia matone. Maji ya kijani, ya pinki au ya kutu yametoka radiatere. Mafuta meusi ni habari ingine. Maji meupe tu, yasiyo na rangi wala harufu, upande wa abiria, mara nyingi ni ya klima na hayana shida. Kisha inua macho wima kutoka tone: hapo juu ndipo penye tundu, au upepo wa mwendo umeyasukuma nyuma kidogo.

Pili, kiasi cha maji. Fungua kifuniko motere ikiwa baridi. Maji yanapaswa kufika shingoni. Tazama rangi yake. Kama ni ya kutu kama chai ya rangi, ndani mna uchafu. Kama kuna mafuta yanayoelea, soma sehemu ya kilasi hapa chini.

Tatu, kifuniko. Angalia mpira wake. Umekauka, umepasuka, au umebonyea? Bonyeza sipringi kwa kidole. Ikiwa imelegea au ina kutu, nunua kingine chenye namba ile ile. Usiweke namba kubwa zaidi ukifikiri inasaidia. Nguvu ikizidi, radiatere ya zamani au duriti itapasuka.

Nne, duriti. Zibane zote kwa mkono. Iliyo nzima inabonyea na kurudi. Iliyochoka ni laini kama mkate au ngumu na yenye nyufa. Angalia pia zile pete za chuma zinazoishika. Weupe au ukungu wa kijani pembeni ya pete ni alama ya maji yaliyovuja na kukauka.

Tano, mkanda wa pompo. Ukilegea, pompo inazunguka pole. Bonyeza katikati yake: ukibonyea zaidi ya sentimita moja hivi, kaza. Ukiwa na nyufa au unang'aa kama kioo, badilisha. Kumbuka, kwenye gari zingine pompo inazungushwa na mkanda wa ndani ya motere, huwezi kuuona bila kufungua.

Sita, uso wa radiatere. Piga tochi kwa mbele. Wakati wa kiangazi vumbi letu jekundu linaziba zile nafasi ndogo, na wakati wa mvua ni matope. Wadudu na majani yanamalizia. Radiatere iliyozibwa nusu inafanya kazi nusu.

Saba, vantilatere. Washa motere, acha izunguke bila kutembea. Kwa gari yenye vantilatere ya umeme kama Corolla au Probox, ngoja mpaka mshale ufike fasi yake ya kawaida na zaidi kidogo: inapaswa kuanza yenyewe. Kama gari ina klima, iwashe, na kwenye gari nyingi vantilatere itaanza pia. Ikianza, shika karatasi mbele ya radiatere. Ikivutwa na kubaki imeshikamana, hewa inapita vizuri.

Gari kubwa za mazuti mara nyingi zina vantilatere inayozungushwa na mkanda kupitia kifaa chenye mafuta mazito ndani. Zima motere, izungushe kwa mkono. Ikizunguka bure kama gurudumu la baiskeli, au ukiona mafuta yametoka katikati yake, kile kifaa kimekufa.

Uliza gari: unachemka wakati gani?

Swali hili linaokoa pesa nyingi. Mbele ya kwenda garaji, uwe na jibu lake.

Inachemka ukisimama, inapoa ukikimbia: shuku vantilatere, fyuzi yake, rele yake au waya. Hewa ndiyo inakosekana.

Inachemka ukipanda au ukikimbia, lakini ukisimama ni nzuri: maji hayazunguki ya kutosha, au radiatere imezibwa ndani au nje. Inaweza kuwa pia kifuniko kilichokufa, au pompo iliyochoka.

Inachemka upesi, dakika chache baada ya kuwasha: termosta imefungwa bila kufunguka, au maji ni machache sana, au kilasi imeharibika. Gusa kwa uangalifu duriti ya juu na ya chini. Kama motere ni ya moto sana na duriti moja bado ni baridi, maji hayapiti.

Inachemka mara moja moja bila mpango: inawezekana ni hewa iliyobaki ndani baada ya kazi ya garaji, au waya wa vantilatere unaogusa na kuachia.

Kazi unazoweza kufanya mwenyewe

Kuosha radiatere kwa nje. Motere iwe baridi. Mwaga maji kutoka upande wa motere kuelekea mbele, ili uchafu utoke kwa njia ulioingilia. Usitumie maji ya nguvu sana karibu, yale mabati membamba yatalala na kuziba hewa. Burashi laini inatosha.

Fyuzi na rele ya vantilatere. Fyuzi iliyoungua utaiona, waya wake umekatika. Weka ingine yenye namba ile ile, usifunge kwa waya wa kawaida. Kwa rele, mara nyingi ile ya honi au ya taa ni ya aina moja na yake. Hakikisha namba na miguu vinafanana, zibadilishe fasi. Vantilatere ikianza, umepata mgonjwa wako.

Kupima termosta. Maji yakishatolewa, fungua nyumba yake. Itundike kwa kamba ndani ya sufuria ya zamani ambayo hamtapikia tena, yenye maji juu ya makaa. Isiguse chini. Inapaswa kuanza kufunguka mbele ya maji kuchemka. Katika Bunia maji yatachemka karibu digrii 96, kwa hiyo termosta ya 82 itakuwa imefunguka wazi kabisa au karibu. Kama maji yanachemka na yenyewe imefungwa, itupe. Ukirudisha, weka joenti mpya.

Kubadilisha maji. Fungua tundu la chini la radiatere, pokea yote ndani ya beseni. Jaza maji safi, washa motere mpaka ipate joto, ngoja ipoe, mwaga. Rudia mpaka maji yatoke safi. Gari ndogo nyingi zinachukua kati ya lita 5 na 7, gari kubwa zaidi ya 10.

Kutoa hewa. Hapa wengi wanakosea. Hewa ikibaki ndani, motere itachemka hata ukiwa umebadilisha kila kitu. Simamisha gari pua ikiwa juu kidogo. Motere ikiwa baridi, acha kifuniko wazi, weka joto la ndani mpaka mwisho, kisha washa motere. Jaza kadiri maji yanavyoshuka. Utaona mapovu. Termosta ikifunguka, maji yatashuka ghafla, ongeza. Mapovu yakiisha na vantilatere ikiwa imewaka na kuzima mara mbili, funga. Jaza chupa ya pembeni mpaka alama. Kesho asubuhi angalia tena.

Maji gani ya kuweka

Maji ya kisima au ya mto Nyamukau yana matope na chumvi za ardhi. Yakipata moto yanaacha ukoko, kama ule unaouona ndani ya birika ya zamani. Ukoko unaziba vijiti vya radiatere, na kutu inakula pompo. Kwa dharura barabarani, maji yoyote ni bora kuliko kukosa, lakini ukifika nyumbani yatoe.

Kilicho bora ni dawa ya radiatere, ile ya kijani au ya pinki. Watu wengine wanasema ni ya nchi za barafu tu. Si kweli. Inazuia kutu na inapandisha kiasi cha joto ambacho maji yanachemkia. Ile iliyo nzito changanya nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi, kama ya bateri yaliyochujwa kabisa. Hakikisha hayo ni maji tupu, wala si asidi ya bateri. Ukiyakosa, maji ya mvua yaliyokingwa vizuri baada ya paa kuoshwa ni afadhali kuliko ya kisima. Kama chupa inasema dawa imekwisha kuchanganywa, usiongeze maji. Na usichanganye aina mbili usizozijua. Zingine zikikutana zinageuka kama ute.

Wazazi, sikieni hili: dawa nyingi za radiatere zina ladha tamu na ni sumu kali. Mtoto, mbwa au mbuzi akinywa kiasi kidogo anaweza kufa. Usiache beseni wazi ndani ya parseli, usiiweke ndani ya chupa ya sukari, na usiimwage karibu na kisima. Mtoto akinywa, mpeleke hospitali mara moja hata kama anaonekana mzima.

Tondoa termosta? Hapana

Katika garaji nyingi dawa ya kwanza ni kutoa termosta na kuitupa. Wanasema sisi tuko nchi ya joto, haina kazi. Mara zingine gari inatulia kwa siku chache, na mwenye gari anafurahi.

Lakini motere isiyo na termosta inakawia kupata joto. Inakula esanse zaidi, mafuta yake yanachafuka upesi, na vyuma vinasagika. Zaidi ya hapo, kwenye Toyota nyingi termosta ina kazi mbili: inafungua njia ya radiatere, na wakati huo huo inafunga njia fupi ya pembeni. Ukiitoa, njia fupi inabaki wazi. Sehemu ya maji ya moto inarudi motere bila kupita radiatere. Mjini hutajua. Kwenye mlima na mzigo, gari inaweza kuchemka kuliko zamani. Termosta ikiwa mbovu, weka ingine nzima.

Vile vile na dawa za njiani za kuziba radiatere, kama yai au pilipili. Zinaweza kukufikisha nyumbani siku moja. Zikiachwa zinaziba vijiti vile vile unavyotaka vipitishe maji.

Wakati wa kwenda kwa fundi: kilasi

Kilasi ni kile kichwa cha juu cha motere. Kati yake na bloki kuna joenti inayotenganisha maji, mafuta na moto. Gari ikichemka sana, kilasi ya aliminiamu inajikunja, joenti inapasuka, na vitu vitatu vinaanza kukutana. Alama zake ni hizi:

– Moshi mweupe mwingi usiokwisha hata motere ikishapata joto, na maji yanapunguka bila tone chini.

– Mafuta ya motere yamegeuka rangi ya kahawa ya maziwa. Angalia kijiti cha kupimia. Ute kidogo chini ya kifuniko cha mafuta peke yake hautoshi kuhukumu, unaweza kuwa wa baridi ya asubuhi.

– Mapovu yanapanda ndani ya radiatere bila kukoma tangu unapowasha.

– Duriti ya juu inakuwa ngumu dakika chache tu baada ya kuwasha, motere ikingali baridi.

Ukiona hizi, usitembeze gari. Hapo ni kazi ya garaji. Ukifika, omba mambo mawili: kilasi ipimwe kwa rula iliyonyooka, na ipelekwe kusawazishwa kama imejikunja. Kuweka joenti mpya juu ya kilasi iliyojikunja ni kulipa mara mbili. Uliza pia chanzo cha kwanza kilikuwa nini. Joenti haipasuki hivi hivi. Kama ni vantilatere iliyoua, na haikutengenezwa, joenti mpya itakufa vile vile.

Mbele ya kushika barabara

Iwe unaenda Kasenyi, Komanda, Mongbwalu au Mahagi, tumia dakika 10 asubuhi motere ikiwa baridi:

– maji shingoni na kwenye chupa ya pembeni;

– kifuniko kimefungwa vizuri, na ndicho chake;

– duriti na pete zake;

– mkanda;

– uso wa radiatere safi;

– mafuta ya motere kwa kiasi, sababu nayo yanapoza;

– vantilatere umeisikia ikiwaka jana jioni;

– lita 5 za maji safi, kitambaa kinene, tochi, fyuzi za akiba.

Ukianza kupanda, shuka vitesi mapema. Motere inayozunguka kwa wepesi inasukuma maji zaidi kuliko ile inayolazimishwa kuvuta kwa vitesi kubwa. Usisindikize lori kwa karibu, anakupigia hewa ya moto na vumbi. Punguza mzigo kama unaweza. Na kama mshale umeanza kupanda, simama penye watu ungali na uwezo wa kuchagua fasi.

Weka pia kadaftari ndani ya gari. Kila ukiongeza maji, andika tarehe na kiasi. Nusu lita kwa mwezi, nusu lita kwa wiki, nusu lita kwa siku: fundi akiiona hesabu hiyo atajua ugonjwa unaenda mbio gani, na wewe utajua kama gari hii inaweza kupanda Bogoro kesho au inapaswa kubaki parseli.